Chungu cha Mtoto na Mizani ya Ushirika

*Mazungumzo na wajumbe wa vyama vya msingi. Mzungumzaji ni mkulima wa pamba, na ni mhudumu wa afya katika kijiji chake.*



Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kumpikia mtoto mdogo chakula chake nyumbani, kwa vitu vibichi vitokavyo katika mashamba yetu na katika ziwa letu. Najua wako wajumbe ambao walipoliona jambo hili katika ajenda, kati ya bei ya pamba na madeni ya pembejeo, walijiuliza kama mkutano wa ushirika umegeuka kuwa kliniki. Siwalaumu. Nawaomba tu wanivumilie hadi mwisho, kwa maana nakusudia kuonyesha kwamba jambo hili ni letu sote, na kwamba ushirika unalo la kufanya ambalo mama peke yake, jikoni mwake, hawezi kulifanya.

Tulianza na mizani

Wazee wetu walioanzisha ushirika katika Jimbo la Ziwa walianza na jambo lililokuwa mbele ya macho yao, nalo ni mizani. Mkulima aliipeleka pamba yake kwa mnunuzi akijua jinsi alivyohangaika nayo tangu kulima hadi kuchuma, lakini hakujua kama kipimo alichosomewa kilikuwa cha haki. Ndipo wakulima walipoanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Mwaka 1952 kikaundwa Chama cha Wakulima wa Jimbo la Ziwa chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na tangu hapo vimepanda milima na kushuka mabonde. Lakini somo la kwanza halijabadilika: afanyaye kazi bila kupima hupunjwa.

Ndugu wajumbe, yupo nyumbani mwetu anayepunjwa kila siku, naye hana kinywa cha kulalamika. Huyo ni mtoto aliye kati ya miezi 6 na miaka 2. Kikombe chake hujazwa, nasi tukakiona kimejaa tukaridhika. Lakini kilichojaa humo mara nyingi ni maji.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata mwenyewe. Mwaka 1986 mtoto wangu wa pili alitimiza miezi 6 katika mwezi wa Juni, wakati vitumba vya pamba vimekwisha kupasuka na kila mkono ulikuwa unahitajika shambani. Kila alfajiri nilikoroga uji, nikautia katika chupa ya chai, nikamwachia dada yake wa miaka 8 amnyweshe mchana kutwa. Uji ule niliufanya mwepesi kwa makusudi, ili mtoto aumeze kwa urahisi na ili unga ufike hadi mavuno mapya. Siku ya kliniki ya mwezi wa Juni alikuwa na kilo 7. Mwezi wa Septemba, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa na fedha imo ndani ya nyumba, alikuwa na kilo 6 na nusu. Alama yake katika kadi ilikuwa imetoka katika rangi ya kijani, imeingia katika ya kijivu, na ilikuwa ikielekea katika nyekundu.

Muuguzi hakunigombeza. Aliniambia niende nyumbani nikalete uji ule ule ninaompa mtoto. Nilipouleta, aliuchota kwa kijiko akakiinamisha, nao ukamwagika wote kama maji ya mtungi. Akaniuliza: "Mama, chakula hiki unamlisha mtoto au unamnywesha?" Sikuwa na jibu. Mwaka ule nilikuwa nimepima kila gunia la pamba mara mbili, nyumbani na ghalani, ili nisipunjwe. Mwanangu sikumpima.

Hesabu ya tumbo dogo

Tuifanye hesabu pamoja, kama tufanyavyo hesabu za mauzo. Tumbo la mtoto wa miezi 8 mwenye kilo 8 huchukua mililita 240 hivi kwa mara moja, yaani kikombe kimoja. Mtoto wa umri huo, hata akinyonya vizuri, huhitaji kalori zipatazo 200 kwa siku kutoka katika chakula. Akifika miezi 9 huhitaji kalori 300, na akivuka mwaka mmoja huhitaji 550.

Sasa tuchukue uji uliopikwa kwa kijiko 1 cha chakula cha unga katika kikombe kizima cha maji. Uji huo una kalori 35 hivi. Ili mtoto wa miezi 8 apate kalori 200 itambidi ajaze tumbo mara 6 kwa siku, na humo hapatabaki nafasi ya ziwa la mama. Tena maziwa ya mama yana kalori 65 hadi 70 katika kila mililita 100, hali uji ule hauna hata 20. Maana yake ni kwamba tunaondoa chakula bora tumboni mwa mtoto ili kuweka kilicho hafifu, huku tukiamini kwamba tumemshibisha.

Yafaa pia tuelewe kwamba upungufu huu si wa mikoa yenye njaa tu. Katika utafiti wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 wa Tanzania waliokuwa chini ya miaka 5 walionekana wamedumaa. Mkoa wa Iringa ulizidi nusu ya watoto wake, na mikoa ya Njombe na Rukwa ilikuwa karibu na nusu. Hiyo ndiyo mikoa inayosifika kwa mahindi, inayopakia malori kwenda kuwalisha wengine. Kwa hiyo ghala lililojaa halitoshi kuwa ushahidi kwamba mtoto wa nyumba ile amekula. Udumavu ukimpata mtoto katika miaka yake 2 ya kwanza ni vigumu sana kuurudisha nyuma baadaye, nao hupunguza kimo chake, nguvu zake za kazi na uwezo wake wa kujifunza.

Miezi 6 ya kwanza

Kabla ya kufika jikoni, natoa tahadhari moja. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji uji, wala maji, wala dawa za kienyeji za tumbo. Maziwa ya mama yanamtosha kwa chakula na kwa kiu, hata katika jua letu la mwezi wa Septemba. Bibi zetu wanaotuhimiza kumpa uji mtoto wa miezi 3 kwa sababu analia wanafanya hivyo kwa upendo, lakini huo ndio mlango wa kuhara. Mtoto akilia, anyonyeshwe zaidi, na mama naye apewe chakula cha kutosha.

Wala tusidhani kwamba kopo la dukani ni ustaarabu. Mwaka 1939, huko Singapore, daktari Cicely Williams, ambaye hapo awali aliueleza ugonjwa wa unyafuzi kutokana na kazi yake katika nchi tunayoiita leo Ghana, alisimama hadharani akalaani biashara ya kuwauzia akina mama maziwa matamu ya kopo kuwa chakula cha watoto wachanga. Dunia ilichelewa kumsikia. Kanuni za kimataifa za kuzuia matangazo ya bidhaa hizo zilipitishwa mwaka 1981, na Tanzania ikaweka kanuni zake mwaka 1994.

Mtoto akitimiza miezi 6, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua sana, na maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Hapo ndipo chungu chake kinapoanza. Lakini kunyonya kuendelee hadi atimize miaka 2 au zaidi.

Namna ya kupika

Kanuni ni nyepesi kukumbuka. Chakula cha mtoto kiwe kizito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila kumwagika, na kisiwe cha namna moja. Wataalamu wanagawa vyakula vya mtoto katika makundi 8: maziwa ya mama, nafaka, viazi, mihogo na ndizi, kunde na karanga, maziwa ya mifugo, samaki, nyama na maini, mayai, matunda na mboga zenye rangi ya manjano au kijani kibichi kilichoiva, na matunda na mboga nyinginezo. Mtoto apate walau makundi 5 kila siku. Mkazi wa kando ya ziwa hili anaweza kuyapata bila kuingia katika duka lolote.

*Uji mzito wenye dagaa.* Chukua kikombe 1 cha maji, au nusu maji na nusu maziwa. Koroga vijiko 4 vya chakula vya unga wa mtama, ulezi au mahindi kwa maji baridi kidogo, kisha utie katika maji yanayochemka, ukoroge kwa dakika 10 hadi 15. Ongeza kijiko 1 cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa hadi zikalainika, na kijiko kidogo cha unga wa dagaa. Kikombe hicho kina kalori zipatazo 240, yaani zaidi ya mara 6 ya uji niliokuwa nikimwachia mwanangu. Kwa mtoto wa miezi 7 pika nusu ya kipimo hiki.

Uji mzito namna hii huwashinda baadhi ya watoto kumeza. Dawa yake haiko katika kuongeza maji, iko katika kimea, ambacho akina mama wa nchi hii wanakijua tangu zamani kwa ajili ya togwa na pombe. Loweka ulezi usiku mmoja, umwage maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku 2 au 3 hadi uchipue. Uanike juani ukauke kabisa, ufikiche, upepete vichipukizi vyote vitoke, kisha usage. Ukitumia mtama badala ya ulezi, kuondoa vichipukizi na mizizi ni lazima, kwa maana vina sumu. Uji ukishaiva, uepue upoe hadi uwe wa vuguvugu, utie kijiko 1 cha unga wa kimea na ukoroge. Katika dakika chache utauona unalainika wenyewe bila kuongezwa tone la maji. Urudishe motoni uchemke kidogo, kisha umlishe mtoto utakapopoa. Unga uliotia ni ule ule, na lishe ni ile ile. Uzito wake tu ndio uliopungua.

*Viazi na samaki.* Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo siku hizi huitwa viazi lishe, vina vitamini A nyingi ambayo viazi vyetu vyeupe havina. Chemsha kiazi 1 cha kiasi pamoja na maganda yake, umenye, uponde. Chemsha kipande cha sato, utoe miiba kwa vidole, si kwa macho tu, na ukichanganye. Tia matembele machache au majani ya kunde yaliyokatwakatwa na kupikwa kidogo, na nusu kijiko cha mafuta. Katika miezi ya njaa, Januari hadi Machi, michembe na matobolwa tuliyoanika vinaweza kushika nafasi ya kiazi kibichi, na nsansa ikashika nafasi ya mboga, ilimradi samaki au karanga zisikosekane.

*Kunde na ndizi.* Chemsha kunde, choroko au maharage hadi yaive kabisa, uyafikiche maganda yatoke, uyaponde. Changanya na ndizi ya kupika iliyochemshwa na kupondwa. Muhogo nao waweza kutumika, ule mtamu, lakini usiwe peke yake, kwa maana hujaza tumbo na kujenga mwili kidogo sana.

*Matunda na mayai.* Papai, embe na parachichi havihitaji moto. Oshwa mikono, oshwa tunda, limenywe na kupondwa papo hapo. Yai lichemshwe hadi ligande lote. Kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, ini liwe la mtoto. Mgeni mwema hatakasirika.

Kwa kiasi: mtoto wa miezi 6 aanze kwa vijiko 2 au 3 vya chakula kwa mlo, akiongezewa taratibu hadi nusu kikombe, mara 2 hadi 3 kwa siku. Wa miezi 9 hadi 11 apewe nusu kikombe, mara 3 hadi 4. Aliyevuka mwaka apewe robo tatu hadi kikombe kizima, mara 3 hadi 4, na tunda au kiazi katikati. Chumvi na sukari havihitajiki, na asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe siku zote. Tena mtoto awe na sahani yake mwenyewe. Akila katika sinia moja na kaka zake watatu, mwenye mkono mfupi ndiye atakayelala njaa.

Dagaa, karanga na unga wa dukani

Nataka kusema neno la pekee juu ya dagaa, maana ndiyo hazina yetu. Sangara wetu wa minofu huvuka bahari, lakini dagaa tunao hapa hapa, na samaki huyu mdogo huliwa pamoja na mifupa yake, kwa hiyo humpa mtoto protini, chuma na chokaa ya mifupa kwa mara moja. Hata hivyo sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili huishia katika chakula cha kuku. Sababu mojawapo ni mchanga: dagaa wakianikwa chini ufukoni hubeba mchanga na uchafu wa kila apitaye. Nunua walioanikwa juu ya chanja. Hata hao waoshe mara kadhaa kwa maji safi, waanike tena juu ya ungo na kuwafunika kwa chandarua, wakaange kidogo bila mafuta, uwatwange na kuwachekecha. Tengeneza kiasi cha wiki moja tu, kwa kuwa mafuta yaliyomo huharibika.

Karanga nazo zina hatari yake, nayo ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Chagua karanga moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe mbali, wala asipewe kuku. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo nawaomba muufikirie upya unga unaoitwa wa lishe, ambao wengi wetu tunausaga kwa debe: mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, soya na karanga, vyote katika mashine moja. Nia ni njema, lakini nafaka 5 si chakula cha namna 5. Zote ni kundi moja, na kuzichanganya hakumwongezei mtoto kile anachokikosa. Karanga zikisagwa na kukaa miezi katika ndoo huchacha, na hakuna awezaye tena kuiona iliyokuwa na ukungu. Soya ambayo haikuiva sawasawa humsumbua mtoto tumbo. Afadhali unga wa nafaka moja uliokauka vizuri, na vingine vyote viingie chunguni siku ile ile ya kupika, vikiwa vibichi na vikiwa vimeonekana kwa macho.

Upya na usafi

Chakula cha mtoto kipikwe cha mlo mmoja. Kikipita saa 2 tangu kupikwa, asipewe mtoto. Chupa ya chai huuhifadhi uji katika vuguvugu, na vuguvugu hilo ndilo vijidudu vinalolipenda. Maji ya ziwa, hata yakionekana maangavu kama kioo, yachemshwe. Sote twakijua kipindupindu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kulisha. Tumia kikombe na kijiko, si chupa ya chuchu ambayo haioshiki vema.

Mama anayelazimika kwenda shambani anaweza kuacha togwa iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa. Watafiti wa Tanzania walionyesha katika miaka ya 1980 na 1990 kwamba ule uchachu wake huzuia vijidudu vingi vya kuharisha. Lakini togwa iwe mpya, isigeuke pombe, na isiwe chakula pekee cha siku nzima.

Kazi ya chama

Ndugu Mwenyekiti, nimefika mahali pa kueleza kwa nini nimeyaleta haya hapa. Yote niliyoyataja yanahitaji kitu kimoja ambacho hakioti shambani, nacho ni muda wa mama. Mwanamke anayechuma pamba tangu alfajiri hawezi kupika milo 4 mibichi. Akiupika uji mwepesi mara moja asubuhi, si kwa ujinga wala uvivu, ameishiwa saa. Na pamba ile anayoichuma ndiyo inayoletwa ghalani kwa jina la baba, na fedha yake hupangwa na baba. Kumfundisha mama mapishi bila kumpunguzia kazi ni kumwongezea mzigo na kuuita msaada.

Nchi hii imekwisha kujifunza kwamba lishe haishughulikiwi na mtu mmoja mmoja. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka 1975 watu walikusanyika katika vikundi kusikiliza redioni mafunzo ya Chakula ni Uhai. Na kati ya mwaka 1983 na 1988, mkoani Iringa, vijiji 168 vilipima watoto wao kila baada ya miezi 3, na matokeo yakajadiliwa na halmashauri ya kijiji kama yanavyojadiliwa mavuno. Katika vijiji vile utapiamlo mkali ulipungua sana. Kwamba leo Iringa iko mbele kwa udumavu inatufundisha jambo jingine: kazi hii ikiachwa, mafanikio hayabaki peke yake.

Kwa hiyo naomba kila mjumbe akirudi katika chama chake apendekeze mambo manne.

La kwanza, siku za gulio la pamba, mizani ya watoto itundikwe jirani na mizani ya pamba, kwa makubaliano na zahanati, na kadi za watoto zisomwe mbele ya baba na mama.

La pili, katika miezi ya kuchuma, chama kitenge kivuli kimoja kilicho karibu na mashamba, chenye maji yaliyochemshwa na jiko, ambapo bibi wawili kwa zamu watawapikia watoto wa wanachama. Kila nyumba itoe unga wake, karanga zake na kuni zake.

La tatu, chama kinunue dagaa safi wa chanja kwa pamoja moja kwa moja kutoka kwa wavuvi, kikagawe kwa wanachama kwa bei ya kununulia.

La nne, kitengwe kipande cha ardhi penye unyevu wa kudumu ili kuhifadhi mbegu za viazi lishe wakati wa kiangazi, kwa maana marando yakikauka mwezi wa Agosti, mvua za Novemba hutukuta mikono mitupu.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mfadhili. Yote yanahitaji uamuzi wa mkutano, na watu wa kuusimamia.

Yule mwanangu wa mwaka 1986 alipona. Muuguzi alinifundisha haya ninayowafundisha, na shemeji yangu alikubali kubaki nyumbani na watoto hadi pamba ikaisha. Mtoto alirudi katika rangi ya kijani baada ya miezi 5. Sasa ni mtu mzima, ni mwanachama wa chama chetu cha msingi, na mwaka jana alimleta binti yake nimpime. Nilimwuliza kama ameusoma mstari katika kadi. Akaniambia: "Mama, nimeusoma kabla ya kuja."

Ndivyo wazee wetu walivyotaka tuwe.